Mabibi Waalimu na Ngazi ya Elimu



Mwezi wa Januari, shule zilipofunguliwa, nalikuwa na kazi ya kuandika majina ya watoto wa mafundisho, nikashika njia ya Kahe asubuhi na mapema, nikapita katika shule tatu kwa siku moja. Sitazitaja majina, maana sikwenda kukagua kazi ya mtu. Lakini aendaye kwa miguu huona mengi, nami naliona jambo ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni.

Kwanza naliingia penye watoto wadogo kabisa, wale wa darasa la awali. Waalimu wao walikuwa mabibi watupu. Mmoja alikuwa amempakata mtoto aliyemlilia mama yake, na kwa mkono wa pili akiandika herufi ubaoni. Kisha nikaenda shule ya msingi. Mle chumbani mwa waalimu mabibi na mabwana walikuwa wamechanganyika, hata huwezi kusema upesi ni wapi walio wengi. Saa sita ilipopita nikafika shule ya sekondari. Mabwana walinikaribisha vizuri, wakanipa kiti na maji ya kunywa. Nikaangaza macho, nikamwona bibi mmoja tu. Naye alikuwa akifundisha Kiswahili, akiwaangalia wasichana walio wagonjwa, akitunza ufunguo wa chumba chao, na siku ile alikuwa akipika na chai, kwa kuwa mpishi hakuja.

Mtoto wa ndugu yangu, msichana wa darasa la pili, alikuwa ametoka shule mchana akafuatana nami ili anibebee daftari. Tulipokuwa tukirudi kando ya mfereji aliniuliza, “Baba mkubwa, watoto wakiisha kuwa wakubwa, mabibi hawawezi tena kuwafundisha?”

Nikamwambia, “Tembea, jua linakuchwa.” Na jua lilikuwa bado liko juu. Hilo lilikuwa jibu la mtu asiye na jibu. Basi leo najaribu kumjibu, nanyi akina baba na akina mama na waalimu wenzangu mnisikilize, maana naona jibu lenyewe limo nyumbani mwetu kuliko lilivyo shuleni.

Niliyoyaona katika njia ya Kahe ndiyo yaliyo katika dunia nzima. Shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, yaani UNESCO, huwahesabu waalimu wa nchi zote. Kwa hesabu zake za miaka hii ya karibuni, katika kila waalimu 100 wa watoto wa awali, kama 94 ni wanawake. Katika shule za msingi ni kama wawili kwa kila watatu. Katika sekondari ni zaidi kidogo ya nusu. Na katika vyuo vikuu ni kama 43 tu katika 100. Hayo ni ya dunia yote kwa jumla. Katika nchi za Afrika zilizo kusini ya jangwa la Sahara, ngazi ni ile ile, ila sisi tumeiegemeza chini zaidi: katika shule za msingi wanawake hawajafika nusu, katika sekondari ni kama theluthi, na katika vyuo vikuu ni kama robo. Tanzania Bara imewapita majirani wengi kwa shule za msingi, maana huko waalimu wa kike na wa kiume wanakaribia kuwa sawa. Lakini ukipanda sekondari wanaume wanazidi, na ukipanda chuo kikuu wanazidi tena. Hata katika shule za msingi zenyewe, ukiuliza ni nani mwalimu mkuu, mara nyingi utaonyeshwa bwana.

Yafaa tukumbuke mambo haya yalianzaje. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka wa 1893. Mwaka wa 1902 walianzisha chuo cha kuwafunza waalimu huko Old Moshi, na mwaka wa 1912 kikahamishiwa Marangu, ambako hata leo kuna chuo cha ualimu. Waliofunzwa hapo kwanza walikuwa vijana wa kiume. Wasichana walikaa na mabibi wa misheni, wakajifunza kusoma na kushona na kutunza nyumba. Babu zetu hawakuona ajabu, kwa kuwa hata wao waliona kwamba kihamba ni cha mwana wa kiume, naye binti ni mtu wa kwenda kwa watu. Wenye kuleta shule na wenye kupokea shule walipatana katika neno hili bila kugombana.

Lakini mambo hayakuwa hivyo kila mahali, na hapa nataka wasomaji wakae kitako. Kule Unguja, katika miaka ya 1870, misheni ya UMCA ilikuwa na shule ya wasichana mahali paitwapo Mbweni. Wasichana wenyewe walikuwa watoto waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka wa 1877 alifika bibi mmoja Mwingereza, Caroline Thackeray, akaitunza shule ile muda wa miaka mingi. Katika wasichana wale wakatoka waalimu, na baadhi yao wakavuka bahari kuja bara kufundisha katika vituo vya misheni. Kwa hiyo baadhi ya mabibi waalimu wa kwanza wa Kiafrika katika nchi hizi walikuwa watu wasio na kabila karibu, wasio na baba wa kuwaambia rudi nyumbani, wasio na mjomba wa kungoja mahari. Mimi neno hili hulifikiri sana. Je, walipanda kwa sababu walisaidiwa tu, au pia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwashika nguo wasipande?

Katika Unguja hiyo hiyo, serikali ilifungua shule yake ya wasichana mwaka wa 1927. Wazazi wa mjini walikuwa wazito kuwatoa binti zao nje ya ua, nao waliwatoa kwa kuwa waalimu walikuwa wanawake. Wale wasichana wakawa waalimu, nao wakawavuta wengine. Leo katika shule za msingi za Zanzibar waalimu wengi ni wanawake.

Elimu ya juu ilichelewa zaidi. Makerere, chuo cha Uganda ambacho kwa muda mrefu kilikuwa ndicho pekee kilichowapa Waafrika wa Afrika Mashariki yote elimu ya juu, kilifunguliwa mwaka wa 1922 kwa vijana wa kiume, na msemo wake ulikuwa wa kuwahimiza wawe wanaume. Mwaka wa 1945 wakapokelewa wasichana 6, na msemo ule ikabidi ubadilishwe, kwa kuwa haukuwafaa tena. Basi kati ya mwanamume wa kwanza na mwanamke wa kwanza ni miaka 23. Mtu aliyechelewa kuanza safari kwa miaka 23 hawezi kulaumiwa kwamba bado hajaonekana kileleni.

Wengi wetu twakumbuka pia, au tuliambiwa na wazazi, habari za Azimio la Musoma la mwaka wa 1974, ilipoamriwa kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi. Waalimu hawakutosha. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakafunzwa ualimu huko huko vijijini, wakifundisha watoto na kujifunza wenyewe kwa wakati mmoja. Wasichana walikuwamo wengi, na hiyo ni sababu moja kubwa kwa nini mabibi wameenea katika shule za msingi. Mlango ulipofunguliwa karibu na nyumbani, waliingia. Hata Mama Maria Nyerere, kabla ya kujulikana kuwa mke wa Rais wa kwanza, alikuwa mwalimu aliyefunzwa Sumve, akafundisha shule ya msingi huko Nyegezi karibu na Mwanza.

Basi kwa nini mlango wa juu haukufunguka hivyo?

Tuhesabu miaka, maana karibu jambo lote limo katika hesabu hii. Msichana akianza darasa la kwanza na miaka 6 au 7, humaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18. Kwa muda mrefu mwalimu wa shule ya msingi alihitaji kuongeza miaka 2 tu ya chuo cha ualimu. Kwa hiyo akiwa na miaka 20 yu kazini, anao mshahara wake, na wachumba wakija humkuta ni mwalimu tayari. Lakini atakaye kufundisha sekondari kwa shahada hana budi kupita kidato cha tano na cha sita, kisha miaka 3 ya chuo kikuu. Hapo amefika miaka 23 au 24. Na atakaye kufundisha chuo kikuu, shahada ya kwanza ni kizingiti tu. Lazima apate shahada ya pili, kisha udaktari wa elimu, na mara nyingi hupita miaka 30 hajamaliza. Sasa tazameni: miaka hiyo, tangu 23 hata 35, ndiyo ile ile ambayo nyumba zetu humtaka binti aolewe, azae, anyonyeshe, na kumtunza mama mkwe. Kijana wa kiume katika miaka hiyo huoa na kuendelea kusoma, kwa kuwa mkewe yuko nyumbani na watoto. Binti akiolewa na kuendelea kusoma, ni nani aliye nyumbani na watoto wake? Sheria ya kazi ya mwaka wa 2004 humpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 pamoja na mshahara, na hilo ni jema; lakini kitabu cha udaktari hakiandikwi kwa siku 84, wala mtoto hakui kwa siku 84.

Hayo ni ya juu. Lakini wengi huanguka mapema zaidi, nao huanguka mikononi mwetu. Ninyi mlio huku uwandani mwaujua mpunga. Tangu skimu ya Moshi Chini ilipomalizika mwaka wa 1987 kwa msaada wa Japani, maji ya Rau na Njoro yametupa chakula na fedha, na mimi sina neno baya la kusema juu ya mpunga. Ila mpunga hauna siku ya mtihani. Vitalu vikiwa tayari vyataka kupandikizwa, na kwelea wakishuka hawangoji shule zifungwe. Je, ni nani anayeitwa kwanza? Ndugu wa kiume huambiwa, “Wewe soma, una mtihani.” Dada yake, mwenye mtihani ule ule, huambiwa apite shambani kwanza, kisha mtoni, kisha jikoni, ndipo afungue kitabu, na wakati huo macho yamejaa moshi. Huko mlimani hakuna majaruba, lakini yako majani ya ng'ombe, nayo hubebwa na kichwa cha nani? Halafu matokeo yakija twasema, “Msichana huyu hesabu hazimwingii.”

Na hesabu ndizo zinazoamua. Waalimu wanaotafutwa sana sekondari ni wa hesabu, fizikia na kemia. Msichana asiyezishika hizo katika kidato cha pili na cha tatu, mlango wa kuwa mwalimu wa masomo hayo umefungwa kabla hajajua kwamba alikuwa na mlango. Tena akitazama mbele ya darasa, humwona bwana. Mwaka baada ya mwaka, bwana. Hakuna aliyemwambia kwamba fizikia ni ya wanaume, lakini amesomeshwa hivyo kila siku bila neno kusemwa.

Zamani wazazi walisema, “Karo iko wapi?” Neno hilo limepungua nguvu. Tangu mwaka wa 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne katika shule za serikali, na tangu 2022 imeondolewa hata kidato cha tano na cha sita. Na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyepata mtoto arudi darasani. Najua jambo hili la mwisho lilisumbua baadhi ya wazee. Mimi nasema hivi tu: yule kijana aliyempa mimba, akiwa ni mwanafunzi, tulikuwa tukimwona darasani siku zote, wala hapakuwa na mzee aliyesumbuka.

Kisha iko habari ya mahali pa kazi. Bibi mwalimu akipelekwa shule ya mbali yenye madarasa na isiyo na nyumba ya mwalimu, hukodi chumba kwa watu asiowajua, na mlango wake hufungwa kwa kamba. Mwanamume naye huona shida, lakini hapigiwi mlango usiku. Kwa hiyo mabibi huomba uhamisho kuja mjini au kumfuata mume, nao watu husema, “Waonaje, hawataki kazi.” Mimi nalipata kumsaidia mmoja kubeba godoro lake alipokuwa akihama, nami najua kwamba alilia njia nzima kwa ajili ya wale watoto aliowaacha.

Msidhani kwamba mwanamke akifika juu kabisa mambo yamekwisha. Wote mmesikia jina la Wangari Maathai wa Kenya, aliyepanda miti na kupewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2004. Kabla ya miti alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka wa 1971 alipata udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati, akawafundisha matabibu wa wanyama. Alipokuwa akifundisha huko aligundua kwamba mabibi waliofanya kazi ile ile ya mabwana hawakupewa haki sawa, kama vile haki ya nyumba, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mwanamke aliyeolewa nyumba yake ni ya mumewe. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya wakadai, wakachekwa, wakadai tena. Wanafunzi walikaa mbele yake wakajifunza viungo vya ng'ombe. Lakini katika daftari la mshahara yeye alihesabiwa kuwa mke wa mtu.

Sasa niseme na mabwana, na hasa na waalimu wa kiume, maana ngazi hii ina pande mbili. Twasikitika kwamba mabibi ni wachache juu. Mbona hatusikitiki kwamba mabwana hawaonekani chini? Katika darasa la awali mwanamume ni ajabu kama kifaru sokoni. Ukimwuliza kijana aliyetoka chuoni kwa nini hataki kuwafundisha watoto wa miaka 5, atacheka, atasema hiyo ni kazi ya yaya. Ndilo neno lenyewe. Tumeifanya kazi ya watoto wadogo kuwa ndogo, tukaipa fedha ndogo na heshima ndogo, kisha tukawapa wanawake. Hali mwalimu yeyote mzee atakuambia kwamba kumfundisha mtu mzima sheria ni rahisi kuliko kumfundisha mtoto kwamba alama hii ni *a*. Nami mwenyewe nimejaribu yote mawili: watu wazima wa darasa langu hulala tu; wale wadogo walinipanda mabegani. Watoto nao, wavulana na wasichana, wafaa waone kwamba mwanamume aweza kumfuta mtoto kamasi na asipungukiwe na kitu.

Mzee mmoja alinijibu juu ya haya yote kwamba mwanamke hawezi kuwashika vijana wakubwa, kwa hiyo ni afadhali abaki na wadogo. Nalimwuliza ni nani anayewashika vijana wake nyumbani yeye akiwa kilabuni. Hakupenda swali lile, lakini tulibaki marafiki.

Na kama mtu ataka ushahidi, aende Weruweru, si mbali na hapa. Shule ile ya sekondari ya wasichana iliongozwa na Mama Maria Kamm kuanzia mwaka wa 1970, kwa miaka zaidi ya 20. Katika wasichana waliosoma hapo mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 alikuwamo Asha-Rose Migiro. Yeye baadaye alikuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha waziri, kisha tangu 2007 hata 2012 Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Watu humtaja kwa cheo hicho cha mwisho. Mimi hupenda kumtaja kwa kile cha kwanza, kwamba alisimama mbele ya darasa la chuo kikuu. Mfikirini na Profesa Penina Mlama, mzaliwa wa Berega, kijiji cha misheni huko Kilosa, aliyefundisha sanaa za maonyesho katika chuo hicho hicho, akawa miongoni mwa wakuu wake, kisha akaliongoza shirika la FAWE, lililoanzishwa mwaka wa 1992 ili kuwasaidia wasichana wa Afrika wasome.

Lakini sitaki mdhani kwamba twataka mabibi waalimu ili tuwe na watu wa kusifu. Twawataka kwa sababu ya wale watoto walioketi darasani. Msichana wa kidato cha kwanza akipatwa na mambo ya utu uzima katikati ya somo, atamwendea nani? Na kama mwalimu wa kiume amemwambia neno lisilofaa, akamwita nyumbani kwake jioni ili “asahihishe daftari”, atamwendea nani? Kwa bwana mwingine, rafiki ya yule? Wazazi, mwalijua jambo hili. Husemwa kwa sauti ya chini nyuma ya kanisa. Mahali penye bibi mwalimu mmoja tu, na huyo mmoja anapika chai, ni vigumu msichana ampate peke yake.

Sisi wa Chekereni tulikwisha kuliona somo hili katika mashamba. Tangu mwaka wa 1994 tunacho hapa kijijini Chuo cha Mafunzo ya Kilimo cha Kilimanjaro. Wanaopandikiza mpunga na kupalilia ni wanawake kwa sehemu kubwa, kwa migongo yao. Basi chuo kilipowafundisha wakulima wa skimu nyingine, kilitaka wanawake waitwe pamoja na wanaume, wala si waume peke yao waende kusikia na kurudi kuwaeleza wake zao. Maana maneno mengi hupotea njiani, hasa njia ikipita kilabuni. Ikiwa twakubali hivyo kwa miche ya mpunga, sijui kwa nini twaona vigumu kwa watoto.

Nitawaeleza jambo moja lililotokea mwaka jana katika jamaa ninayoifahamu, nao wameniruhusu kulisema bila kuwataja. Binti yao alikuwa amemaliza shahada ya ualimu wa hesabu, kwa alama za juu sana. Ikaja barua kutoka chuo kikuu, kwamba akubali kuwa mwalimu msaidizi hapo na kuendelea na shahada ya pili. Katika juma lile lile wakaja washenga wa kijana mmoja wa huko mlimani, watu wazuri, na mbuzi wao mkononi. Baba akachanganyikiwa. Akatuita wazee kadhaa, mimi nikiwamo, tukakaa chini ya mwembe.

Baba alisema, “Mwalimu, binti akizidi kusoma, nani atamwoa? Na akikaa huko miaka mingine, mimi nitazeeka bila kuona wajukuu.” Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema afadhali atafute shule ya msingi hapa karibu, afundishe, aolewe, mambo yaishe kwa amani. Neno hilo lilikuwa tamu, nami nakiri kwamba kidogo lilinivuta.

Ndipo bibi yake, mama mzaa baba, akaomba ruhusa ya kusema. Yeye ni mmoja wa wale waliochukuliwa katika darasa la saba baada ya Azimio la Musoma, akafundisha darasa la kwanza maisha yake yote mpaka alipostaafu. Akasema, “Wanangu, shikamooni ninyi mlio wakubwa kwangu, na wengine marahaba. Mimi naliitwa mara mbili kwenda kusoma zaidi. Mara ya kwanza nilikuwa na mimba ya huyu mnayemwona hapa,” akamwonyesha mwanawe, “na mara ya pili marehemu aliuliza ni nani atakayempikia. Sikumlaumu. Niliowafundisha kusoma ni wengi, hata wengine wenu hapa. Lakini vijana waliokuja kutukagua shuleni walikuwa wanafunzi wangu, nami nikasimama mbele yao kama mtoto, nikaonyesha daftari zangu. Huyu mjukuu sasa ameitwa mara ya kwanza. Na huyo kijana wa mlimani, hana mikono ya kupika?”

Watu walicheka, isipokuwa baba. Yeye alinyamaza kitambo kirefu, akakwaruza ardhi kwa fimbo yake. Kisha akamwita binti, ambaye tangu asubuhi alikuwa shambani akifukuza ndege, ingawa ana shahada, maana siku ile hapakuwa na mtu mwingine. Akaja na matope miguuni, akapiga magoti, akaamkia. Baba akamwuliza, “Mwanangu, wewe wasemaje?” Akajibu kwamba yule kijana hamchukii, lakini alitaka kwanza aulizwe kama aweza kungoja miaka 2, na kwamba huko chuoni, kati ya wale wanaofundisha hesabu, hakumwona mwanamke hata mmoja kwa miaka yote 3 aliyosoma, akatamani kujua huwaje mtu akiwa huyo mmoja.

Barua ya chuo ilijibiwa siku ya Jumatatu. Mimi ndimi niliyeipeleka posta Moshi. Washenga walirudi kwao na neno la kungoja. Mpaka leo hawajaleta jibu, wala la kukubali wala la kukataa, na mbuzi wao angali zizini, amenenepa, anakula majani ambayo sasa baba mwenyewe huyabeba.